Kodi ililipia utafiti, dawa tunauziwa. Mlipa kodi adai gawio au adai bei?

Fundi Saa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mwezi uliopita nilikuwa namsindikiza mama kwenye dripu. Wanaoijua wodi ya saratani wanajua kwamba siku hiyo hufanyi kazi nyingine. Anapewa kwanza dawa za kuzuia mzio, mnasubiri, ndipo inatundikwa chupa, inadondoka tone kwa tone saa tatu nzima. Simu yangu ilikata chaji, nikabaki nasoma boksi ambalo nesi aliliacha kwenye meza. Paclitaxel, imetengenezwa India. Risiti yake nilikuwa nayo mfukoni, maana bima ilitupa sababu zake tukajilipia wenyewe.

Nilipofika nyumbani nikaanza kuitafuta dawa hii ilitoka wapi. Kumbe asili yake ni gome la mti. Agosti 1962 mtaalamu wa mimea wa wizara ya kilimo ya Marekani, Arthur Barclay, alikuwa msituni huko jimbo la Washington akikusanya majani, vijiti na magome ya miti ya kila namna, anafunga, anatuma maabara. Mmojawapo ni mti mdogo unaoota kivulini mwa miti mikubwa, wakata mbao walikuwa wanauchoma pamoja na takataka. Gome lake likafika North Carolina kwa Monroe Wall na Mansukh Wani. Walilichambua miaka kadhaa mpaka wakaipata kemikali yenyewe, na 1971 wakatangaza muundo wake. Mwaka 1979 Susan Horwitz wa New York akaonyesha inavyofanya kazi: inagandisha nyuzi ambazo seli huzitumia kujigawa, seli inakwama katikati kama zipu mbovu, mwisho inakufa. Kazi hizo zote zilikuwa zinakula kodi. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ndiyo iliyolipia ukusanyaji, uchambuzi, hata majaribio ya mwanzo kwa wagonjwa.

Mwaka 1991 serikali ikaingia mkataba na kampuni ya Bristol-Myers Squibb ili itengeneze kwa wingi. Desemba 1992 dawa ikaidhinishwa. Kampuni ikasajili mpaka jina. "Taxol" ni jina alilolitoa Wall mwenyewe miaka ya sitini, likageuka alama ya biashara, na wanasayansi waliokuwa wanalitumia siku zote wakaletewa jina jipya, paclitaxel.

Sasa njooni kwenye hesabu. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliandika ripoti 2003. Taasisi za Taifa za Afya, NIH, zilikuwa zimetumia dola milioni 484 kwenye utafiti unaohusu dawa hii hadi 2002. Kampuni ilikuwa imeuza dola bilioni 9. Mrabaha uliorudi NIH ni milioni 35, kwa sababu walikubaliana nusu asilimia ya mauzo. Na Medicare, bima ya wazee ya serikali hiyohiyo, kati ya 1994 na 1999 ilikuwa imelipia dawa hiyo milioni 687. Yaani baba kamsomesha mtoto, mtoto kajenga, baba akienda kumtembelea anatozwa kiingilio getini.

Sisi kwenye dhahabu tulisema serikali ichukue hisa 16 kwa mia bila kutoa mtaji. Kila mwaka tunaona kwenye televisheni hundi za gawio kubwa kama mlango. Kwa nini utafiti unaolipiwa na kodi usifanyiwe hivyohivyo? Nawasilisha.

Bwana Risiti

Pole kwa mama mkuu. Swali dogo tu: wewe Marekani ulilipa kodi ipi?

Fundi Saa

Hahaha, sijalipa hata senti. Lakini mbegu za mahindi za vituo vyetu nimezilipia, na mikopo ya wanaosomea utafiti nimeilipia. Nimechukua kisa cha Wamarekani kwa sababu wao vitabu vyao vimekaguliwa na namba ziko mezani. Za kwetu nizipate wapi?

Mtafiti Mchovu

Niko kwenye kituo cha utafiti cha umma, sitataja kipi. Nina mambo matatu na yote yatakuudhi.

La kwanza, dhahabu na maarifa si kitu kimoja. Dhahabu ikitoka shimoni imetoka, usipochukua chako leo kesho utakuta shimo. Maarifa ukinipa unabaki nayo. Ndiyo maana aliyeandika sheria ya madini ana haki ya kuwa mkali, na ukali uleule kwenye maabara unaweza kuua.

La pili, Barclay unamwona shujaa kwa sababu ya mti mmoja. Mradi ule wa mimea ulipitisha maelfu ya sampuli kwa miaka kama ishirini, na dawa kubwa zilizotoka zinahesabika kwa vidole. Hakuna mwenye hisa ambaye angevumilia hasara hiyo. Kampuni nayo ilidai imetumia dola bilioni 1 kuifikisha dawa sokoni. Unaweza kuikata hiyo namba nusu ukipenda, bado ni pesa.

La tatu ndilo wengi hawalijui. Gome lilikuwa haba. Ukiubandua mti ule gome umeuua, na mgonjwa mmoja alihitaji miti kadhaa. Aliyetoa ufumbuzi ni Robert Holton wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida. Alipata njia ya kuanzia kwenye majani ya mti wa jamii hiyo unaoota Ulaya, majani unachuma na kesho yanachipua. Chuo chake kikaweka hataza, yaani haki ya peke yake juu ya njia hiyo, kikaikodisha kwa kampuni ileile, na kikavuna zaidi ya dola milioni 350. Rudia hapo mkuu: chuo cha umma milioni 350, NIH milioni 35, dawa moja, mnunuzi mmoja. Kwa hiyo usiseme mlipa kodi hawezi kupata kitu. Mmoja alikuwa na mwanasheria mzuri na hataza mkononi, mwingine muundo wa dawa ulishachapishwa tangu 1971, hakuwa na cha kushikilia.

Fundi Saa

Hapo kwenye milioni 350 umenitoa ushamba. Lakini si ndiyo unanipa hoja? Tukiwa na mwanasheria mzuri tunapata.

Hesabu Kali

Mlipa kodi anapata tayari, kupitia kodi. Kampuni ikiuza inalipa kodi ya mapato, wafanyakazi wake wanalipa, wauzaji wanalipa. Ukiongeza mrabaha juu yake unamkamua ng'ombe mara mbili.

Na mifano ya serikali kujifanya mwekezaji tunayo. Wizara ya nishati ya Marekani ilidhamini mkopo wa dola milioni 535 wa Solyndra ya paneli za jua, ikafilisika 2011. Wizara hiyohiyo ikaikopesha Tesla milioni 465, zikarudishwa zote 2013 kabla ya wakati.

Bwana Risiti

Hesabu Kali umejifunga mwenyewe hapo. Solyndra ilipoanguka nani alibeba? Mlipa kodi. Tesla ilipopaa nani alipaa nayo? Wenye hisa. Kama unabeba msiba ni lazima na harusi ualikwe.

Na hiyo ya kodi ya mapato usituletee. Mbinu ya kutafuta kurasa aliyoanzia Google, Larry Page aliibuni akiwa mwanafunzi Stanford, kwenye mradi wa maktaba za kidijitali uliolipiwa na mfuko wa sayansi wa serikali. Chuo kilipewa hisa milioni 1.8, kikaziuza kwa dola milioni 336, kwa sababu sheria ya 1980 ya maseneta Bayh na Dole inaruhusu chuo kumiliki kilichovumbuliwa kwa pesa ya serikali. Sawa, chuo kimekula. Halafu kampuni ilipokua ikapitisha mabilioni ya faida Ireland na Bermuda kwa miaka mingi. Kodi ya mapato ya wapi unayoisema?

Hesabu Kali

Hilo ni tatizo la sheria ya kodi, utafiti hauhusiki. Paa likivuja unaziba paa, huhamishi kitanda kila mvua ikinyesha.

Bwana Risiti

Fundi wa paa tumemsubiri tangu lini mkuu?

Binti Mwambao

Salaam. Mimi ni wa Tanga ila niko California, nafanya kazi duka la dawa. Fundi Saa, mpe mama pole zangu, mwambie vidole vikimfa ganzi asinyamaze, amwambie daktari, kwa dawa hiyo ni jambo linalojulikana.

Naona mnabishana kama anayestahili gawio ni serikali au kampuni. Ngoja niwape kisa ambacho kwangu kimebadilisha swali lenyewe.

Kuna dawa ya saratani ya tezi dume inaitwa Xtandi. Ilivumbuliwa UCLA, tawi la Los Angeles la Chuo Kikuu cha California, chuo cha umma, kwa ruzuku za NIH na za jeshi la Marekani. Iliidhinishwa 2012. Hapa dukani kwangu nimeona wazee wanasogeza karatasi ya bei kwenye kaunta taratibu kama wanarudisha kitu walichokiokota. Inauzwa huku ghali kuliko inavyouzwa nchi nyingine tajiri, na huku ndiko ilikolipiwa.

Sasa wale wanaotaka gawio sikilizeni vizuri. Gawio LILIKUWEPO. Machi 2016 haki ya mrabaha ya dawa hiyo iliuzwa kwa Royalty Pharma kwa dola bilioni 1.14, na fungu la UCLA peke yake lilikuwa kama milioni 520. Hapo mlipa kodi wa California angeshangilia, si ndiyo? Mwaka huohuo ofisi ya hataza ya India ikakataa kuipa dawa hiyo ulinzi, maana yake viwanda vya India vingeweza kuitengeneza kwa bei ya chini. Nani akaenda Mahakama Kuu ya Delhi kupinga? Chuo Kikuu cha California. Chuo cha umma, kilichofanya utafiti kwa kodi, kinapigana India ili dawa isiwe rahisi. Wanafunzi wake wenyewe waliandamana.

Mkataba wa leseni ulikuwa umewafunga, sawa, naelewa. Lakini ndiyo hivyo. Ukishapewa fungu kwenye bei, bei ikishuka na wewe unaumia. Mlinzi kapewa kamisheni ya duka, halafu mnamuuliza kwa nini hasemi bei ni kubwa.

Wagonjwa wakaiomba NIH itumie kifungu cha sheria ya 1980 kinachoiruhusu serikali kuingilia kati na kutoa leseni kwa mtengenezaji mwingine. Ikakataa 2016, ikakataa tena Machi 2023.

Fundi Saa

Dada, hapa nimekaa chini. Boksi la mama limeandikwa India. Kwa hesabu yangu ya hisa 16 kwa mia, huenda ningekuwa miongoni mwa wanaoshtaki hicho kiwanda.

Mtafiti Mchovu

Ndicho nilichokuwa nazungukazunguka kukisema. Asante dada.

Nyongeza: NIH walishajaribu njia ya bei. Mwaka 1989, baada ya kelele za bei ya AZT, dawa ya UKIMWI ambayo kemikali yake ilitengenezwa mara ya kwanza 1964 kwa ruzuku ya serikali hiyohiyo, waliweka kipengele kwamba kampuni itakayoshirikiana nao iuze kwa bei ya haki. Kampuni zikawa zinakwepa kushirikiana. Mwaka 1995 mkurugenzi, Harold Varmus, akakifuta.

Bwana Risiti

Yaani kampuni zikanuna, wakafuta. Mwenye shamba kaogopa mnunuzi.

Hesabu Kali

Mnunuzi akiondoka mahindi yanaozea ghalani, mkuu. Dawa isiyotengenezwa haina bei, si ya juu wala ya chini.

Chulebuni

Mnaongelea mabilioni ya watu wengine. Mimi ni mkulima wa kahawa huku Kilimanjaro, jina langu humu ni la ugonjwa, naomba nisikilizwe.

Kahawa yangu ikiuzwa inakatwa tozo, na sehemu ya tozo hiyo inakwenda kwenye utafiti, taasisi yetu ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungo. Sijawahi kupewa gawio wala sijawahi kuona hundi ya mlango. Nawaambia nilichopata.

Baba yangu alikuwa na shati moja la kupulizia. Rangi yake halisi hakuna aliyeikumbuka, lote lilishakuwa buluu ya mrututu, na kola ilikuwa ngumu ungeweza kuigonga mlangoni. Bomba mgongoni, mvua ikikatika anapuliza, ikinyesha tena inaosha, anarudia. Usipopuliza, chulebuni inakula matunda yakiwa mabichi, yanakuwa na madoa meusi yaliyobonyea, yananyauka kwenye tawi. Pesa ya msimu ilikuwa inaishia kwenye dawa.

Chotara za arabika zilitoka 2005. Zinahimili chulebuni na kutu ya majani. Mimi nilipata miche yangu baadaye, imezalishwa kwa vikonyo, nikang'oa mistari sita ya mibuni ya mzee naye ananiangalia kama nabomoa kaburi. Leo bomba langu lipo stoo, buibui wamejenga mdomoni. Hilo ndilo gawio langu. Tena bora kuliko hundi, maana hundi ingepitia kwa mwenyekiti.

Malalamiko ninayo pia. Miche haitoshi. Kuna kitalu nilipanga foleni misimu miwili, nikaambiwa imekwisha, halafu nikaiona barabarani inauzwa bei mara tatu. Kwa hiyo mkitaka kumpigania mlipa kodi, anzieni hapo kwenye mche, ufike kwa aliyekatwa tozo kwanza.

Jirani wa Ruiru

Sisi Kenya tulitangulia, Ruiru 11 ilitoka 1985, pia kwa pesa ya wakulima. Wazee wakasema inazaa lakini kikombe chake kimepoa. Watafiti wakarudi kazini, 2010 wakatoa Batian. Miaka 25 hiyo. Mwenye hisa gani angengoja miaka 25? Tena kwenye sheria yetu ya sayansi ya 2013 tuliandika asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Kuandika tunajua.

Mkorosho Mzee

Niko Mtwara. Mmesahau swali moja: hilo gawio likipatikana linaingia mfuko gani?

Korosho ghafi ikiuzwa nje ilikuwa inatozwa ushuru, na asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa inarudi kuendeleza zao, ukiwemo utafiti wa Naliendele. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, fedha yote ikaelekezwa mfuko mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele wakashindwa. Tozo ilibaki ileile, njia ya kurudi ndiyo iliyofungwa. Sasa leo mje mniambie mrabaha wa mbegu utarudi maabara, nitacheka mpaka nikae.

Mtafiti Mchovu

Mzee umenigusa kidonda. Mimi nimewahi kukaa miezi na jokofu la sampuli limeharibika huku fomu ya kifaa inazunguka ofisi kwa ofisi.

Na kuna mbegu zetu za mahindi za umma kama TMV-1 na Staha. Si chotara, mkulima anavuna, anachagua magunzi mazuri, anahifadhi, anapanda tena. Ile pesa ya kuzifanyia utafiti haiwezi kurudi kwa mrabaha kwa sababu hakuna anayenunua kila mwaka. Inarudi jikoni kwa mtu. Wahasibu hawana safu ya kuandika hilo, ndiyo maana kila bajeti tunaonekana ni hasara.

Hesabu Kali

Nimesoma yote, nalegeza kidogo. Israel wana utaratibu ambao sioni ubaya wake. Kampuni ikipewa ruzuku ya utafiti wa bidhaa na bidhaa ikauzika, inarudisha kama asilimia 3 hadi 5 ya mauzo mpaka ruzuku iishe. Isipouzika, hairudishi. Hapo serikali inarudishiwa chake bila kugeuka mwenye duka, na hamu ya bei kubwa inakufa deni likiisha.

Binti Mwambao

Huo unafaa kwa betri na programu za simu. Kwa dawa bado mimi nasema bei. Angalia chanjo ya korona ya Moderna. NIH walishiriki kuibuni, serikali ikatoa karibu dola bilioni 1 kwa ajili ya kuiendeleza, mbali na pesa za kununua dozi. Kampuni ikauza chanjo ya zaidi ya bilioni 30 kwa miaka miwili, ndipo mwisho wa 2022 ikalipa milioni 400 kwa leseni ya teknolojia ya NIH na washirika wake. Hizo milioni 400 mlipa kodi hakuziona. Ila kama mkataba wa mwanzo ungesema "nchi maskini zitauziwa kwa gharama ya kutengeneza", watu wa Tanga wangeiona 2021 mapema.

Bwana Risiti

Fundi Saa umenyamaza. Bado unataka hisa 16?

Fundi Saa

Nilikuwa kwa mama. Hisa nimeziacha.

Ninachokitaka sasa ni hiki, na naomba mkipige mawe. Kitu kilichofanyiwa utafiti kwa kodi, kikienda kwa kampuni moja peke yake na hakuna mwingine wa kukiuza, bei iandikwe kwenye mkataba siku ya kwanza, kabla kampuni haijapata nguvu ya kununa. Kama wauzaji ni wengi, bei itajishusha, serikali isijisumbue. Na kama ni lazima pesa irudi, iwe kama ya Israel, ina mwisho, na irudi kwenye jokofu la Mtafiti Mchovu, isipite kwa Mkorosho Mzee kumsalimia tu.

Hesabu Kali

"Bei iandikwe siku ya kwanza." Bei ya kitu ambacho hakijajulikana kama kitafanya kazi? Utaandika namba gani?

Fundi Saa

Si lazima iwe namba. "Isizidi bei ya chini kabisa unayowauzia matajiri wenzako." Hiyo Binti Mwambao angeweza kuisoma pale kaunta.

Hesabu Kali

Watapandisha kwa wote ili zilingane.

Binti Mwambao

Wajaribu. Huko kwingine serikali ndizo zinazonunua kwa mkupuo, na zina ulimi.

Chulebuni

Mama anaendeleaje lakini?

Fundi Saa

Bado dripu mbili. Nywele zimekwisha, kavaa kilemba cha harusi ya dada yangu, anasema sasa ana sababu ya kukivaa kila siku. Vidole vinamfa ganzi kweli kama alivyosema dada, uzi kwenye sindano hawezi kuutia, ananiita mimi. Nilimweleza habari ya gome la mti. Akauliza kama huo mti unaota Lushoto.